Kabla ya kumchagua mwenyekiti, tukubaliane tunakwenda wapi

Ndugu zangu wa Rugaaga, wa Nakivale na wa Mbarara, nawaandikia ninyi mnaokaa kwenye vikundi: kina mama wa akiba, vijana wa mpira, wakulima wa maharagwe wanaotafuta lori moja la kupeleka mzigo mjini, kamati za maji, kwaya, vyama vya boda boda, kamati za wazazi shuleni. Nina ombi moja. Kabla ya kumchagua mwenyekiti mwingine, kabla ya kuchonga muhuri na kufungua akaunti, kaeni chini siku moja mkubaliane kikundi chenu kipo kwa ajili ya nini, kwa maneno ambayo hata mwanachama aliyejiunga jana anaweza kuyasema bila kusomewa.

Ombi hilo linaweza kuonekana dogo. Tumekua sote tukiambiwa umoja ni nguvu, tukaitika, tukapiga makofi. Lakini umoja wa nini? Watu ishirini waliokusanyika chini ya mti kusubiri gari la shirika wana umoja wa kusubiri. Gari lisipofika wiki tatu mfululizo wanatawanyika, na huwezi kuwalaumu, kwa sababu walichokifuata hakipo tena. Watu ishirini wengine wamekaa chini ya mti uleule kwa kuwa mwaka jana watoto wao walirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, nao wameazimia jambo hilo lisitokee tena. Hao, gari likija watalipokea vizuri, na lisipokuja watakutana Jumapili kama kawaida. Wanaweza kuwa na elimu ileile na umaskini uleule kama wenzao. Ila wanajua wanachokitafuta, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake naye anakijua.

Jambo hili halijawahi kuwa la lazima kwetu kama lilivyo sasa. Nakivale ni makazi ya wakimbizi ya zamani kuliko yote nchini Uganda. Yalianza mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, enzi Wanyarwanda walipokuwa wakikimbia machafuko ya kwao. Leo, katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 185, kwenye kanda za Base Camp, Juru na Rubondo, wanaishi Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengine, na kuwazunguka wako Wanyankole wenye migomba na ng'ombe wao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu siku ya tatu ilipita zamani na jembe lilitolewa: serikali iligawa ardhi kwa kila familia, ingawa vipande vimezidi kuwa vidogo kadiri watu walivyoongezeka, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ikampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na ya kwenda atakako. Utaratibu wa nchi ukataka pia asilimia 30 ya misaada iwafikie wenyeji, ili jirani asikae akiangalia lori la msaada likipita mlangoni kwake.

Sasa lori lenyewe linapungua. Mgao wa chakula ulishushwa hadi asilimia 70 mwaka 2020, ukashuka tena mwaka 2021. Mwaka 2023 Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ulizigawa familia kwa makundi kulingana na shida zao, zingine zikaachwa bila kitu. Mwezi Mei 2025 watu wapatao milioni moja nchini kote waliondolewa kwenye orodha ya chakula. Sisemi kwamba kikundi cha watu ishirini na tano kitaziba pengo la dunia nzima. Wanaodaiwa wajibu waendelee kudaiwa, tena kwa sauti. Ninachosema ni kwamba vikundi vingi vya kwetu vilizaliwa wakati wa neema, vikaundwa kwa sababu mradi ulitaka orodha ya majina, katiba ya kurasa nne na picha ya pamoja. Mradi umekwisha. Kikundi ambacho sababu yake ilikuwa mradi hakina kinachowarudisha watu mkutanini. Ndiyo maana tunapaswa kuulizana upya, bila kuoneana haya.

Tuanze na kitu tunachokijua wote, sanduku la akiba. Utaratibu wake ulianzia Niger mwaka 1991 kwa kina mama waliosaidiwa na shirika la CARE, ukaenea Afrika nzima hadi vijiji vyetu hivi. Ni sanduku la bati lenye makufuli matatu. Funguo wanashika watu watatu tofauti wasio kwenye kamati ya uongozi, na sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne. Siku ya mkutano linawekwa katikati, wenye funguo wanaitwa, linafunguliwa mbele ya macho yote. Wanachama wanaitwa kwa namba. Mmoja anasema, "Hisa mbili," anatoa pesa, wahesabuji wanazihesabu, kitabu chake kinagongwa mihuri miwili. Asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake kwa kidole. Pembeni kuna mfuko wa jamii, wa ugonjwa na msiba. Mwisho salio linatangazwa na wote wanatakiwa kulikariri, kwa sababu mkutano ujao, kabla ya pesa kuguswa, wataulizwa ilikuwa shilingi ngapi.

Huo ni utaratibu mzuri sana. Unamlinda mweka hazina na tamaa yake na unamlinda na maneno ya watu. Lakini mnajua, kama ninavyojua, kwamba masanduku mawili yaliyonunuliwa siku moja, yenye makufuli ya aina moja na mafunzo ya mwalimu mmoja, huwa hayana mwisho mmoja. Moja linafika mgao wa nne wa akiba. Jingine linavunjika mwaka wa kwanza kwa matusi. Makufuli yanalinda pesa. Hayana uwezo wa kuamua pesa iende wapi.

Hebu tuseme mkutano mmoja umeleta maombi mawili ya mkopo. Mama mmoja anataka kununua magunia ya maharagwe sasa hivi, wakati wa mavuno, ayaweke hadi bei ipande. Mwingine mtoto wake amepewa barua Kituo cha Afya cha Rugaaga ampeleke Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, naye ana deni la mzunguko uliopita. Pesa iliyopo inamtosha mmoja. Katiba ya kikundi haisemi kitu, maana ilinakiliwa kwa kikundi kingine. Wenye akili za biashara wanasema maharagwe yatarudisha faida kwa wote, na ni kweli. Wenye huruma wanasema mtoto kwanza, na ni kweli pia. Kama kikundi hakijawahi kusema kipo kwa ajili ya nini, atakayepata ni mwenye sauti kubwa au shemeji wa mwenyekiti. Mwenyekiti, hata awe mwadilifu namna gani, ataondoka pale na maadui. Lakini kama siku ya kwanza walisema, "Tumeungana ili mtoto wa mwanachama asikose tiba wala shule," mkutano huo hauchukui dakika kumi. Na kama walisema, "Tumeungana ili kila mmoja wetu awe na biashara inayosimama," basi wamekwisha kuweka mfuko wa jamii wa kutosha kwa ajili ya hospitali, na maharagwe yanapata pesa yake. Majibu yote mawili yanafaa. Kinachoumiza ni kutokuwa na jibu hadi siku mtoto anapokuwa na homa.

Hapo ndipo ninapouona uongozi wenyewe. Tunapochagua tunapenda kumtafuta mtu mwenye nguvu, mwenye lugha nyingi, anayejua mlango wa kila ofisi. Ni vizuri kumpata. Ila mtu huyo, akikuta kikundi kisicho na lengo, atageuka kuwa lengo lenyewe. Watu watakutana kwa sababu yake, watagombana kwa sababu yake, na siku akiondoka watakwenda naye. Nakivale tunalijua hili kwa uchungu kuliko wengi, kwa sababu viongozi wetu huondoka kweli. Kesi ya kuhamia nchi ya tatu inaitika, familia inapewa tarehe, wiki mbili baadaye mwenyekiti yuko Marekani au Kanada na muhuri wa kikundi umebaki mikononi mwa mpwa wake. Wengine hurudi makwao. Na wako waliokaa miaka mingi wakiwa kikundini kwa mwili tu, roho ikiwa kwenye ndege, hadi Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi na safari nyingi zikakatika njiani. Watu hao wapo nasi sasa, wamevunjika moyo. Ni wajibu wetu kuwapa kazi yenye maana leo, hata kama kesho njia itafunguka. Lengo likiwa la wote, anayeondoka anakabidhi, na anayebaki anaendelea pale alipoachia mwenzake.

Mfano wa kufanya hivyo uko hapahapa Uganda. Kule Kyangwali, makazi ya wakimbizi karibu na Ziwa Albert, mwaka 2005 vijana wachache walianzisha kikundi walichokiita COBURWAS, kwa herufi za nchi walizotoka pamoja na nchi iliyowapokea: Kongo, Burundi, Rwanda, Uganda, Sudan. Miongoni mwao walikuwa Benson Wereje na Joseph Munyambanza, Wakongo waliokulia kambini. Hawakuwa na mfadhili. Walikuwa na jambo moja lililowakera wote: watoto wa Kyangwali walimaliza shule ya msingi na masomo yakaishia hapo. Wakalima mahindi, wakayauza, wakalipa karo. Wakawatafutia wanafunzi mahali pa kulala mjini Hoima ili wasome sekondari. Baadaye wakajenga shule yao wenyewe. Baadhi ya waanzilishi walipata nafasi za kusoma nje ya nchi, na kikundi hakikufa walipokwenda, kwa sababu kila kijana aliyelipiwa karo alijua kwa nini alilipiwa na nani anamfuata kwenye foleni. Mimi huona fahari kila ninapokitaja kikundi hicho. Wazazi wa vijana hao walikimbia vita vilivyowagawa watu kwa makabila, nao wakaenda kulima shamba moja kwa sababu ya mtoto ambaye hakuna aliyeuliza kabila lake.

Sasa niseme jambo zito zaidi, maana neno hili "lengo la pamoja" limetumiwa vibaya katika nchi zetu, na wengi mlionisoma hadi hapa mna kumbukumbu nalo. Mliotoka Kongo, ninyi au wazazi wenu, mnaikumbuka salongo ya Mobutu, kazi za jamii za lazima. Mliotoka Rwanda mnaikumbuka umuganda ya zamani, ile ya miaka ya 1970 na 1980. Waliotoka Burundi wanajua Jumamosi asubuhi za kazi za jamii. Kazi yenyewe, kufyeka njia, kuchimba mtaro, ni njema. Lakini wapo walioifanya chini ya jicho la mtu mwenye orodha, na aliyekosekana alitozwa faini au alionekana adui. Mtu aliyelelewa hivyo, ukimwambia "tuwe na lengo moja," anasikia "tii." Tusishangae akikaa kimya mkutanini. Kimya chake ni akili aliyojifunza kwa gharama.

Tanzania nayo ina somo ambalo lingepaswa kufundishwa kwa kila kamati. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kule Litowa, Songea, vijana wa chama cha TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walikwenda kuanzisha kijiji na shamba la pamoja. Hawakuamriwa. Maisha ya mwanzo yalikuwa magumu, wengine walikata tamaa wakarudi makwao, waliobaki wakajifunza. Vijiji vingine vikavutiwa, kikazaliwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho kwenye kilele chake kilikuwa na vijiji zaidi ya kumi na tano. Wanakijiji waliamua mambo yao mkutanini, wakawa na shule iliyofundisha watoto kwa kufuata maisha ya kijiji, wakawa na mashine ya kusaga. Mwalimu Nyerere mwenyewe alivutiwa nao, na mengi aliyoyaandika kuhusu ujamaa vijijini yalikwisha kutendeka Litowa. Hata hivyo, mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho na mali zake zikachukuliwa. Wakubwa wa TANU hawakupenda wakulima wasiosubiri maelekezo. Miaka michache baadaye watu wengi nchini wakahamishiwa vijijini kwa amri, katika Operesheni Vijiji, na sehemu nyingine watu walibomolewa nyumba na kupakiwa kwenye malori.

Maneno yalikuwa yaleyale. Ujamaa, kujitegemea, kufanya kazi pamoja. Litowa yalikuwa ya wanakijiji, watu wakaamka alfajiri bila kengele. Kwenye Operesheni yalikuwa ya ofisi, na mashamba mengi ya pamoja yakaota magugu huku kila mtu akilima lake vizuri kando. Viongozi wetu, wa kamati za wakimbizi na wa halmashauri za mitaa (LC), wa makanisa na misikiti, na ninyi maofisa wa mashirika mnaokuja na lengo limechapwa kwenye karatasi tayari: naomba mlitafakari hilo kwa unyofu. Hamuwezi kuwapa watu lengo kama mnavyowapa blanketi. Mnaweza kuwapa nafasi ya kulitafuta, na muda, na uhuru wa kusema hapana. Mafunzo ambayo watu wanasaini mahudhurio, wanakunywa soda na kupokea hela za nauli hayajawahi kuzaa lengo. Mkutano ambao mtu amesimama akasema, "Mimi jambo hili silikubali, na sababu ni hii," na akasikilizwa, umekwisha kuanza kulizaa.

Lipo pia swali la pili la kujiuliza, nalo halina raha: lengo letu linamgharimu nani? Umoja unaweza kuwa wa kweli kabisa na ukawa mwovu. Oktoba 1982, kwenye Mbarara ya wakati ule, ambayo wilaya yetu ya Isingiro ilikuwa sehemu yake, viongozi wa mitaa, vijana wa chama tawala na majirani waliotamani ardhi na ng'ombe waliungana kuwafukuza watu waliosemwa kuwa na asili ya Rwanda. Maelfu walisukumwa kwenye makazi ya Nakivale na Oruchinga, maelfu wengine wakavuka mpaka. Wazee waliokuwepo bado tunao, wa pande zote. Silitaji ili kufufua kidonda. Nalitaja kwa sababu malisho, kuni na mipaka ya mashamba bado huleta maneno kati ya makazi na vijiji jirani, na kila mara atatokea mtu wa kuunganisha watu kwa njia rahisi kuliko zote, yaani kuwaonyesha wa kumchukia. Kikundi cha namna hiyo hushikamana haraka sana. Msikiingie, hata kama mwenyekiti wake ni ndugu yenu.

Kwa hiyo tutafute lengo lipi? Kila kikundi kitasema lake, lakini ruhusuni nipendekeze moja kubwa ambalo linatufunga sisi sote kutoka mjini hadi kambini: maji. Mto Rwizi unapita Mbarara, na maji yake yanaelekea kwenye maziwa na ardhi oevu za Mburo na Nakivale, ambazo tangu mwaka 2006 zimo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani. Anayemwaga uchafu mtoni mjini, anayelima hadi ukingoni, anayekata mti wa mwisho kilimani kwa ajili ya mkaa, na anayechota maji ya Ziwa Nakivale kwenye jerikani wanaishi maisha yaliyofungamana, hata kama hawajawahi kusalimiana. Isingiro yetu ni ya ukame. Jua likikaza, migomba ya mwenyeji na mahindi ya mkimbizi hukauka wiki moja. Kwenye benchi la Kituo cha Afya cha Rugaaga, watoto wanaoharisha hukaa mmoja kando ya mwingine, wa Runyankole, wa Kirundi, wa Kisomali, na wauguzi wanawahudumia kwa dawa zilezile.

Wangari Maathai alianza mwaka 1977 na kina mama wa Kenya na jambo dogo kama hilo: kuni ziko mbali, maji yamepungua, tupande miti. Kina mama hao wengi hawakuwa na cheti cha misitu. Walijua kwa nini wanapanda, nao wakapanda mamilioni, na mwaka 2004 dunia ikampa Wangari Tuzo ya Nobeli ya Amani kwa kazi iliyofanywa na mikono yao.

Basi fikirini kamati moja ya maji kwa kila bomba linalotumiwa na pande mbili, nusu wenyeji, nusu wakimbizi, na kina mama wasiopungua nusu, kwa sababu wao na binti zao ndio wanaosimama foleni na jerikani. Kamati hiyo isianze na uchaguzi. Ianze na swali: tunataka bomba hili liwe vipi baada ya miaka mitano, na kila kaya iko tayari kutoa nini? Ada ya mwezi ya kumlipa fundi wa pampu mtaikubali haraka mkishajibu hilo. Zamu ya kufagia na kuziba uzio ng'ombe wasiingie mtaipanga bila ugomvi. Na mtakapomchagua mwenyekiti mtakuwa na kipimo cha kumpimia, kwa hiyo hata akitoka kambini mwenyeji hatakuwa na hofu, na akitoka kijijini mkimbizi hataona ameonewa.

Wenyeviti, kwenye mkutano wenu ujao msiseme wa kwanza. Mpeni nafasi mwanachama mpya kabisa aeleze anavyoelewa kikundi kipo kwa ajili ya nini, kisha mwingine, kisha mwingine, ninyi mkiandika tu. Mtasikia majibu matano tofauti. Msiogope, kikao hakijaharibika. Mkutano wa mchanganyiko msiuendeshe kwa Kiswahili peke yake wakati wazee wa Rugaaga wanazungumza Runyankole: tafuteni kijana wa kutafsiri, na mtu akicheka kwa sababu ya tafsiri mngojeeni amalize kucheka ndipo mwendelee.

Wanachama, mkishakubaliana sentensi moja, iandikeni ukurasa wa kwanza wa daftari la kikundi kwa kila lugha mliyonayo, na muitumie mara ya kwanza siku hiyohiyo kuamua jambo la pesa, hata dogo. Ikishindwa kuamua jambo la pesa, irudieni.

Ndugu zetu wa Mbarara, wenye maduka ya nafaka, wenye malori, wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, tunawahitaji kama wenzetu. Mfanyabiashara, nunua kutoka kwa kikundi badala ya dalali, na uwaambie ukweli kuhusu ubora wa maharagwe yao. Mwanafunzi wa afya au wa mazingira, njoo Rugaaga wakati wa likizo upime maji ya bomba na kamati, uwaachie matokeo kwa lugha wanayoielewa kabla hujayapeleka kwa mhadhiri wako. Na ninyi vijana wa Base Camp, Juru na Rubondo mnaosema hamna kazi, daftari la kamati ya maji linahitaji mwandishi, anayejua kuandika tarehe, kiasi na jina la aliyelipa. Nendeni mkajiandikishe kwa mwenyekiti wa kijiji wiki hii, na mmwambie mmekuja kuuliza lengo ni lipi.